Umerekodi skrini ya simu, video bubu, au nyeusi tii, au haionekani ilipoenda: tufatilie tatizo moja moja

Juzi Jumamosi kaja kijana hapa kibandani kwangu Ngamiani, Tanga, kapiga baiskeli toka Makorora kwenye jua lile la saa nane, anahema, anasema fundi nisaidie simu yangu imekufa sauti. Naichukua naijaribu, mziki unapiga safi, spika haina shida. Kumbe alichokuwa anasema ni kwamba karekodi skrini wakati anacheza gemu la mpira, dakika arobaini nzima, fainali na wenzake wa mtaani, kuja kuifungua video bubu. Na kabla hajafika kwangu alishapakua aplikesheni nne za kurekodi skrini, zote zinamwagia matangazo, moja inamuomba ruhusa ya kusoma namba zake za simu, sijui inataka kumpigia nani. Simu haikuwa na ubovu hata kidogo. Kuna sehemu moja tu hakuigusa kabla ya kubonyeza anza.

Kesi kama hizi nazipata kila wiki na karibu wote wanaanza na dawa ileile, wanapakua apu nyingine. Mi naona hapo ndo tunakosea. Kabla hujapakua kitu jiulize kwanza mgonjwa ni nani: ni kinasa chenyewe, ni ile apu unayoirekodi, au ni Android imekataa kwa makusudi kabisa. Hii ya tatu ni nyingi kuliko watu wanavyodhani na hata upakue apu mia haitibiki.

Anza na namba ya Android

Ingia setingi, shuka chini kabisa, Kuhusu simu, hapo utaona toleo la Android. Usiruke hii hatua mana nusu ya majibu yako humo.

Zile za zamani sana, Android 4.4, kurekodi skrini ilikuwa mpaka uchomeke simu kwenye kompyuta uandike amri, na inakupa dakika tatu basi. Kuanzia Android 5 ya mwaka 2014 apu za kawaida zikaruhusiwa kurekodi skrini bila kuirut simu, yaani bila kuufungua mfumo wake kwa nguvu, ila sauti ni ya maiki tu, yaani inasikiliza kinachotoka kwenye spika kama wewe unavyosikiliza. Android 10 ya mwaka 2019 ndo ikafungua mlango wa kunasa sauti ya ndani. Halafu Android 11 ya mwaka 2020 ikaja na kinasa chake chenyewe humohumo ndani, japo kina Xiaomi na Samsung kwenye baadhi ya simu zao walishaweka chao mapema.

Kwa hiyo kama simu yako ni Android 9 na unatafuta sauti safi ya gemu bila kelele za nje, acha kuhangaika na apu za kupakua. Apu inayokuahidi hiyo kwenye simu ya 9 ambayo haijarutiwa inakula bando lako bure.

"Mbona mimi sina hicho kitufe"

Vuta lile pazia la juu mara mbili mpaka vitufe vya waifai na tochi vijae skrini. Sogeza kwenda ukurasa wa pili, wengi wanaishia wa kwanza wanasema hakuna. Kama kweli hakipo bonyeza alama ya kalamu, utaona vitufe vilivyowekwa pembeni havitumiki, kiburute kile cha kurekodi ukilete juu na vyenzake. Simu iliyowekwa Kiswahili inakiita Kinasa Skrini. Kwenye Tecno na Infinix kipo pia kwenye ile paneli ya pembeni unayoivuta kwa kidole gumba.

Samsung nyingine zile za A za bei ya chini hazikuwekewa kabisa, na simu nyingi za Android Go, hizi zenye ramu ya GB 1 au 2, nazo hivyohivyo. Hapo sasa ndo una haki ya kupakua apu, na iwe moja. XRecorder au AZ Screen Recorder mojawapo inatosha, ichukue Play Store, sio faili la kurushiwa na mshikaji mmekaa kijiweni. Ukishaiweka kitufe chake cha kuelea kisipoonekana, nenda kwenye ruhusa zake washa ile ya kuonekana juu ya apu nyingine.

Video ipo, picha ipo, sauti hakuna

Hii ndo kesi ya yule kijana na ndo inayonijazia foleni kibandani.

Kinasa cha Android yenyewe, ukikibonyeza kinakuuliza kama unataka kurekodi na sauti, na kwenye simu nyingi hiyo swichi iko imezimwa. Mtu ana haraka, mechi inaanza, anabonyeza anza. Ukiwasha swichi kuna kimshale pembeni, kiguse, utapata machaguo matatu: maikrofoni, sauti ya kifaa, au vyote viwili. Gemu au video chagua sauti ya kifaa. Unataka kuelekeza mtu huku unaongea, chagua vyote viwili. Kwenye baadhi ya simu, mfano Xiaomi, hakikuulizi kila mara, kinakumbuka ulichochagua mwanzo, kwa hiyo shikilia kitufe kwa muda kidogo kikupeleke kwenye setingi zake ukabadilishe huko. Kijana wangu alikuwa hajawahi kukigusa hicho kimshale toka anunue simu.

Umechagua vizuri na bado bubu? Fanya jaribio la sekunde kumi. Chukua video yoyote uliyopiga mwenyewe kwa kamera, icheze kwenye galari, rekodi skrini ukiwa umechagua sauti ya kifaa. Ikitoka na sauti maana yake kinasa chako kizima na tatizo liko kwenye ile apu nyingine. Mtengenezaji wa apu ana haki ya kuizuia sauti yake isinaswe, Android imempa hiyo nafasi toka mwanzo, na apu zilizotengenezwa kizamani kwa ajili ya Android 9 kurudi nyuma zenyewe zinahesabika zimekataa hata kama mwenyewe hakusema kitu. Hapo njia iliyobaki ni kuchagua maikrofoni, ukaongeza sauti ya spika, ukakaa mahali pametulia. Sio safi, ila inasikika.

Kama umechagua maikrofoni na haisikiki hata sauti yako mwenyewe, vuta pazia uangalie kitufe cha maiki. Toka Android 12 kuna swichi inayozima maiki ya simu nzima kwa mpigo, na ikizimwa apu zinapewa ukimya bila kuambiwa chochote. Mama mmoja wa Chumbageni alikaa wiki mbili anaamini maiki imeingia maji, akatozwa hela mahali fulani ya kubadilisha maiki, ikabadilishwa kweli, na bado bubu. Mwanawe mdogo alikuwa anachezea vitufe.

Na kuna ile sauti ipo lakini inajirudia kama unaongea ndani ya pipa. Umechagua vyote viwili na spika iko juu, kwa hiyo gemu linaingia mara mbili, mara moja kwa ndani na mara ya pili kupitia hewani kwenye maiki. Chomeka iafoni, imeisha.

Sasa simu za WhatsApp

Hapa nataka nikae kidogo mana watu wanaumia.

Kuna bibi yangu mmoja wa Mabawa, sio wa damu ila kanizoea, mwanawe yuko Maskati mwaka wa sita huu. Akaja asubuhi, namsalimia shikamoo bibi, anasema marahaba mjukuu wangu, hii simu uliyonitafutia imekuwa bubu. Mjukuu wake wa kweli alimfundisha kurekodi skrini ili akipigiwa video aiweke, awe anaitazama akimkumbuka mtoto. Alikuwa na video saba. Kijana anaonekana anacheka, anaonyesha chumba chake, midomo inacheza, na hakuna hata neno moja.

Sababu ni hii. Android inazigawa sauti mafungu. Mziki, video na magemu ni fungu moja, na hilo ndo kinasa kinaruhusiwa kulinasa kwa ndani. Mazungumzo ya simu, iwe ya kawaida au ya WhatsApp, ni fungu jingine na limefungwa. Ndo mana hata uchague sauti ya kifaa, sauti ya mtu wa upande wa pili haingii. Basi unasema ntachagua maiki. Nayo inagoma, kwa sababu maiki ni kama karia ya baiskeli, akishakaa abiria mmoja wa pili anatembea kwa miguu: simu ikiwa hewani WhatsApp ndo imeishika maiki na kinasa kinapewa ukimya mtupu. Zipo simu chache ambazo mtengenezaji kalegeza, ukimuona rafiki yako anarekodi na inasikika usidhani yako ni mbovu.

Nikamwambia bibi kwa nini usimwambie akutumie ujumbe wa video, si inakaa na sauti yake. Akaniangalia. "Ujumbe si mazungumzo, mjukuu wangu. Nataka na mimi niwemo."

Basi tulichofanya ni cha kienyeji kabisa. Simu yake tukaiegemeza kwenye kopo la sukari, spika juu, na simu ya mjukuu tukaiweka mbele yake inapiga video kwa kamera ya kawaida. Mwanga wa dirishani usipige kwenye kioo, simu zisiwe karibu sana mana zikikaribiana sauti inavuma, mkono mmoja wa umbali unatosha. Imetoka vizuri, ina jogoo wa jirani kila baada ya dakika mbili lakini kila neno linasikika. Na alimwambia mwanawe kwamba anarekodi, hilo nililisisitiza, kwa sababu kurekodi mtu kimyakimya si ustaarabu na nchini kwetu kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, sura na sauti ya mtu ni mali yake.

Masomo ya Zoom ni tatizo hilohilo kwa simu nyingi. Usihangaike na kinasa, muombe mwalimu anayetumia kompyuta arekodi upande wake, Zoom ya bure inamruhusu kusevu kwenye kompyuta yake mwenyewe, ya kwenye simu ndo haiwezi.

Nyeusi tii

Video inacheza, muda unakwenda, skrini nyeusi kama usiku wa kuamkia Ramadhani mwezi haujaandama. Au kinasa kinakataa kabisa kinasema hakiruhusiwi.

Rekodi skrini ya mwanzo, ile yenye apu zako zimejipanga, sekunde tano. Ikionekana na weusi unakuja tu ukiingia apu fulani, basi apu hiyo imejifunga yenyewe. Kuna alama ndogo mtengenezaji anaiweka kwenye apu yake na Android ikiiona inaitia weusi picha, iwe ni kurekodi au kupiga skrinishoti. Apu za benki nyingi zinayo. Ukurasa wa faragha wa Chrome unayo. Picha za WhatsApp za kuangalia mara moja, mazungumzo ya siri ya Telegram, nazo hivyo. Netflix na wenzake wanaenda mbali zaidi, picha ya filamu inapita njia iliyofungwa ndani ya simu ambayo kinasa hakifiki, ndo unakuta vitufe vya kucheza na kusimamisha vinaonekana lakini filamu yenyewe kiza. Ukitaka kuiangalia ukiwa kwenye basi la Muheza bila bando, ndani ya apu yenyewe kuna sehemu ya kupakua.

Huwa naletewa simu kabisa nitoe huo weusi kwenye apu ya benki, mtu yuko tayari kulipa. Sifanyi. Siku simu yako ikiingiwa na programu ya mwizi inayorekodi skrini kisirisiri, huo weusi ndo unaokuokoa. Na yule anayekupigia anajifanya huduma kwa wateja, anakwambia weka apu fulani ushee skrini tukurekebishie akaunti, anaomba mlango huohuo wa kuona skrini yako. Kata simu.

Ila kama hata skrini ya mwanzo ni nyeusi, au inatoka kijani, au mistari mistari, hapo ni kinasa. Simu imeshindwa kuisokota video, yaani kuibana iwe faili, kwa ukubwa ulioitaka. Shusha toka 1080 kwenda 720 ujaribu tena, kwa simu ndogo nyingi inapona hapohapo. Haijapona, futa kumbukumbu za muda za hiyo apu, restati simu.

Kingine kimewachanganya watu siku hizi: simu mpya kuanzia Android 14 nyingi zinakuuliza unarekodi apu moja au skrini nzima. Ukichagua apu moja halafu ukatoka ukaenda kwingine, huko kwingine hakurekodiwi, na wala sio ubovu. Kwa kweli mi nakipenda hicho kitu, meseji za watu haziingii kwenye video yako.

Inajikata yenyewe, au inasevu faili lisilofunguka

Sababu namba moja ni nafasi. Piga hesabu na mimi. Ukirekodi kwa kasi ya megabiti 8 kwa sekunde, hiyo ni MB 1 kila sekunde, dakika moja MB 60, saa nzima GB 3.6. Mtu simu yake ina GB 32, mfumo umekula nusu, picha za harusi zimekula zilizobaki, imebaki GB 1, anataka arekodi semina ya saa mbili. Itakata tu.

Memori kadi nayo ina la kwake. Kadi za GB 32 kushuka chini zinakuja na mpangilio unaoitwa FAT32 ambao haukubali faili moja lizidi GB 4. Kwa hesabu yetu hiyo ni kama saa moja na dakika kumi. Ukiona kila rekodi inakatika kwenye muda uleule na faili lina karibu GB 4, usitafute mchawi, rekodi kwenye memori ya ndani halafu ndo uhamishe.

Sababu ya pili ni simu kujifanya inakusaidia. Tecno, Infinix, Xiaomi, hizi zina tabia ya kuua apu za nyuma ili kutunza chaji. Kama unatumia apu ya kupakua nenda setingi, betri, itafute hiyo apu uiweke isibanwe, na zima kiokoa betri wakati unarekodi. Halafu acha ule mkono wa kusafisha, ile unafungua orodha ya apu unazifagia zote unasikia raha. Umekifagia na kinasa humohumo.

Na hapo ndo linakuja faili lisilofunguka, hili linaniuma kwa niaba yenu. Video ya mp4 ina orodha ya yaliyomo, kama ile kurasa ya kitabu inayosema sura ipi iko wapi, na vinasa vingi vinaiandika mwisho kabisa, pale unapobonyeza simamisha. Kinasa kikiuawa katikati, au chaji ikaisha simu ikazima, picha zote zimo ndani ya faili lakini orodha haipo na hakuna pleya inayojua aanzie wapi. Faili lina MB 900 na halifunguki. Usilifute. Kwenye kompyuta kuna programu inaitwa untrunc, unaipa faili bovu pamoja na faili zima lililorekodiwa na simu ileile kwa setingi zilezile, inajifunza orodha inavyokaa kwenye lile zima na kujaribu kulijenga hili. Si kila mara inakubali. Nimeshaokoa mahojiano ya mwanafunzi wa chuo kwa njia hiyo, na nimeshashindwa kuokoa kaswida ya madrasa moja ya Pangani, walimu wakaondoka kimya hawakuninung'unikia hata, ndo ikaniuma zaidi.

Kwa hiyo simamisha kwa kuvuta pazia na kugusa alama ya kusimamisha, subiri ikwambie imesevu. Chaji iwe juu ya nusu. Simu ikipigwa katikati ya kurekodi, maiki inahamia kwenye simu na vinasa vingine vinakata kabisa, basi weka Usinisumbue, au hali ya ndegeni kama unachorekodi hakihitaji intaneti. Na usiache skrini ijifunge yenyewe, matoleo mapya ya Android yanakata rekodi skrini ikijifunga, ongeza muda wa skrini kuzima ufike dakika kumi.

Imesevu wapi

Haraka haraka. Kinasa cha Android yenyewe kinaweka kwenye folda la Movies. Samsung ni DCIM, humo kuna folda la rekodi za skrini. Xiaomi ni DCIM pia, folda la ScreenRecorder. Galari ikiwa haionyeshi fungua Files ya Google, nenda video, panga kwa tarehe, itakuwa ya juu kabisa. Kama hata huko haipo, rudi kwenye nafasi na kufagia.

Inakwamakwama, au mdomo unatangulia sauti inafuata

Kukwama ni simu kuzidiwa. Inacheza gemu, inasokota video, inaandika kwenye memori, vyote kwa pamoja, na hapa kwetu ikifika mwezi wa pili wa tatu joto lile la Tanga linalokutoa jasho umekaa, simu ikipata moto inapunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Vua kava. Usirekodi ikiwa kwenye chaji. Weka 720, fremu 30 (picha 30 kwa sekunde), megabiti 4 mpaka 6, kwa kutazama kwenye simu hakuna atakayejua tofauti. Nenda Raskazone kakae kwenye upepo kama una hoja ya kwenda.

Sauti kupishana na picha kuna aina mbili usizichanganye. Kama kwenye simu inaenda sawa ila ukiipeleka kwenye kompyuta kuihariri ndo inapishana, sababu ni kwamba kinasa hakichukui picha kwa mwendo mmoja, skrini ikitulia kinachukua chache, ikichangamka kinachukua nyingi, na programu nyingine za kuhariri zinadhani mwendo ni mmoja mwanzo mwisho. Ipitishe kwanza kwenye HandBrake, chagua fremu zisizobadilika, 30, halafu ndo uihariri. Na kama unatangaza gemu huku umevaa iafoni za bluetuthi, unalisikia goli limechelewa kidogo kwa hiyo na wewe unashangilia umechelewa. Vaa za waya.

Kabla hujaituma kwa watu

Dada mmoja anayeuza mikoba aliwarekodia wateja wake jinsi ya kumlipa, kaingia *150*00# ya M-Pesa mwanzo mpaka mwisho, video nzuri, maelezo mazuri, akaiweka statasi. Kwenye ile menyu namba ya siri inaonekana vilevile unavyoiandika, kwa simu nyingi haifichwi nyota. Watu mia wameiona namba yake ya siri kabla sijampigia simu aitoe na akaibadilishe haraka. Hata kwenye apu inayoweka nyota, vibonye unavyovigusa vinaonekana, na ukiwasha ile ya kuonyesha miguso unakuwa umechora ramani kabisa. Ukifika hatua ya namba ya siri simamisha, maliza, anza rekodi mpya, uziunge.

Kuhusu uzito, WhatsApp ukituma video kama video inaiminya mpaka maandishi hayasomeki. Itume kama dokyumenti, inakwenda ilivyo, mwisho GB 2.

Hapo ndo tulipokwama tena na kijana wa Makorora. Alirudi Jumatatu, safari hii karekodi mechi ya marudiano, sauti ipo, kelele za mashabiki zipo, kila kitu, ila dakika arobaini kwa MB 60 ni GB 2.4 na kundi lao linasubiri. Nikamwambia ikate, galari ina mkasi wake, chukua magoli tu. Akakaa kwenye benchi langu nusu saa anakata. Ilipofika kwenye kundi ilikuwa na dakika moja na nusu, magoli yake mawili. Yale manne aliyofungwa hayakuwemo.